Mgeni Nisiyemwacha Peke Yake

Jumatatu, 6 Januari

Nimepata mgeni! Basi la kutoka mji wa Sam Neua limemshusha mlangoni na begi kubwa kuliko mimi. Anaitwa Marit. Nimechungulia nyuma yake kumtafuta mume. Hakuna mume, hakuna shoga, hata mama mdogo hakuna. Nimemuuliza amefiwa na nani. Akacheka.

Amekuja wakati wake. Shemeji Somphet, kaka wa marehemu mume wangu na mwenye nyumba hii, anafika Jumamosi. Amesema akikuta vyumba vitupu, gesti yangu inageuka stoo ya chakula cha nguruwe. Basi Marit haondoki hadi Jumamosi. Nitamlea kama yai.

Jumanne, 7 Januari

Amekula peke yake huku akisoma kitabu. Nimeshindwa kuvumilia. Nimeita majirani, tukamzunguka, tukamtazama akila wali wa kunata. Hakumaliza. Aibu tu hiyo.

Sasa nimemtandikia shangazi Bounmy mkeka chumbani kwa Marit. Nani amwache binti wa watu alale peke yake, mizimu imkalie kifuani? Shangazi anakoroma na anatafuna tambuu, lakini ni mtu.

Jumatano, 8 Januari

Alfajiri nimemkuta Marit kwenye ngazi, kajifunika blanketi, macho mekundu. Kumbe aliogopa. Shangazi mmoja hatoshi.

Ana simu inayotafsiri. Simu ikaniambia kwamba amesafiri mbali kote huku ili akae peke yake. Maskini. Mzima hasemi hivyo. Roho zake zimemtoka mwilini, zinatangatanga njiani. Kesho tunaziita.

Alhamisi, 9 Januari

Nimechinja kuku wangu wa mwisho anayetaga. Mtaa mzima umekuja kumfunga Marit nyuzi nyeupe mikononi ili roho zitulie. Nimemkalisha karibu na mwalimu Thongdam, ambaye amefiwa na mke na bado ana meno yote. Marit akalia. Shangazi akaninong'oneza, "Hizo roho zimerudi zote, we angalia tu." Nalala nikitabasamu.

Ijumaa, 10 Januari

Amehama. Kavuka barabara na begi lake hadi kwa Keomany, mshindani wangu, yule anayeringia maji yake ya moto. Nimeona kwa macho yangu: kampa ufunguo na taulo, basi. Hakumuuliza hata kama amekula.

Nimemfuata Keomany nikamwambia ananiharibia maisha. Akanijibu, "Dada, mimi nimemwacha tu. Nawe ungemwacha, angekuwa kwako." Eti kumwacha. Yule mwanamke hana utu. Nimelia jikoni mpaka moto ukazimika.

Jumamosi, 11 Januari

Siku yenyewe, na sina mgeni. Nimemvalisha shangazi kofia na miwani ya jua, nikamketisha barazani na begi lililojaa pumba. Shemeji kapanda ngazi, kaunganisha viganja kumwamkia, kisha akasema, "Shangazi, miwani ya nani hiyo?"

Nilisahau kwamba ni shangazi yake kabla hajawa wangu. Shemeji hakugomba. Alicheka tu, na hilo limeniuma zaidi.

Jumapili, 12 Januari

Magunia ya chakula cha nguruwe yamejaa vyumba vyote isipokuwa changu. Shemeji amesema nibaki kuyalinda, panya wasiyatoboe. Shangazi kaondoka naye. Anasema mjini angalau atapumzika, mbali na mimi.

Nilitoka chumba cha dada zangu watano nikaingia kwa mume. Mume alipokufa, shangazi akahamia kwangu usiku uleule. Sijawahi kulala peke yangu ndani ya nyumba tangu nizaliwe. Jua linazama, nyumba imenyamaza, na mimi naogopa. Nasema kweli, naogopa.

Nimetazama ng'ambo. Marit yuko barazani kwa Keomany, miguu juu ya kiti, anasoma. Kimya kabisa. Hata wa kumuuliza anasoma nini hana. Sura yake imetulia, na mtu hutulia hivyo akishakata tamaa. Siku mbili nzima analala bila hata mtu wa kumkoromea!

Nimekunja mkeka wangu na kuchukua mto. Keomany akizima taa tu, napitia mlango wake wa jikoni, nautandika karibu kabisa na kitanda cha Marit. Hatanisikia nikiingia. Akiamka atanikuta pale pale, namtazama. Atafurahi mno.