Ng'ombe wa Mistari Minne

Jumatatu, 21 Julai
Mashindano ya kuchora wanyama ni Ijumaa. Mwalimu wa mshindi ndiye atakayewapeleka watoto kwenye maonyesho Mbeya. Huyo ni mimi, Hafidhi. Sikutoka Pangani kuja kuganda na baridi ya Tukuyu ili Mwalimu Jenifer wa darasa la nne anipite! Yeye watoto wake wanachora wapendavyo. Kuku duara, mbuzi pembetatu. Eti ndivyo wanavyowaona. Nimecheka mpaka chai ikamwagikia andalio la somo.

Jumanne, 22 Julai
Darasa langu la tano limechora ng'ombe. Elisha katoa ng'ombe haswa, mpaka kope. Halafu Tusajigwe! Mistari minne ya kahawia, imelala. Katikati jicho. Chini pua imechomoza. Basi! Nikamuuliza ng'ombe yuko wapi. Akasema huyo hapo, mwalimu, ni Malaika, ng'ombe wetu wa nyumbani. Na miguu je? Akasema haionekani. Masikini. Mchoro nimeuficha kabatini.

Jumatano, 23 Julai
Ng'ombe wa Elisha hana pembe! Nimemwekea mwenyewe, ndefu, za kupendeza. Elisha akataka kusema kitu, nikamwambia asihangaike kushukuru.

Kisha wazo. Mistari ya Tusajigwe nimeitoa kabatini. Nyuma nimeandika: Darasa la nne, Mwl. Jenifer. Nikaichomeka kwenye michoro yake. Watu waone anavyofundisha! Leo nitalala usingizi mtamu.

Ijumaa, 25 Julai
Lo! Jaji ni Bwana Erasto, bwana mifugo. Akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe wa Elisha. Moyo ukanicheza. Akauliza hizi pembe zimetoka wapi, wakati ndama wote wa hapa Bulyaga anawaunguza pembe yeye mwenyewe zisiote. Elisha, bila haya, akasema ni za mwalimu. Darasa zima likaangua kicheko.

Bwana Erasto akachuchumaa mbele ya mistari minne. Akasema huyu ndiye ng'ombe anayemwona kila asubuhi majumbani mwa watu: mbao za banda, jicho, pua inayodai majani. Mshindi!

Nikaruka. Nikasema Tusajigwe ni wangu! Jenifer mwenyewe akakiri si wake. Mkuu wa shule akageuza karatasi. Mwandiko wangu anaujua, anaukagua kila wiki. Akanitazama weee. Kisha akamwambia Jenifer ajiandae kwa safari.

Tusajigwe akaniuliza kama kweli siendi naye. Nimeumia.

Jumatatu, 28 Julai
Nimetafakari Jumapili nzima. Kosa nimeliona: mistari yetu ilikuwa michache! Mwakani wanachora kuku, na Mbeya nakwenda mimi. Leo darasa zima limechora mistari minane kila mmoja. Elisha akasema kuku wao hawafungiwi, wanazurura uani siku nzima. Nimemwambia achore, asinifundishe kazi. Macho nitayaweka mwenyewe.