Kaseti ya Msitu wa Norwe

Jumamosi, 12 Julai 1997
Mnada wa kanisa, Kimandolu. Nimenunua kaseti iliyoachwa na nesi Mnorwe aliyerudi kwao. Juu yake picha ya msitu na ukungu, hakuna mtu. Nikadhani kwaya. Si kwaya. Ngoma kama mvua ya mawe juu ya bati, magitaa yanavuma bila kupumzika, na mbali kabisa mtu anapiga kelele. Mke wangu Anande akauliza kama redio imemeza mkanda. Nikazima. Nikawasha tena. Mara ya tatu nikasikia, nyuma ya vurugu yote, kinanda kinachokwenda polepole kama cha kanisani. Vinyweleo vikasimama. Mlima Meru haujaonekana tangu Jumanne, lakini nilihisi hasa ulipo.

Jumapili, 13 Julai
Kila baada ya ibada watu humiminika kwa jirani yangu Arnold, kwa sababu ya spika zake mpya kutoka Namanga. Leo nimemnyang'anya watu hao. Nimetangaza kwamba Jumatano nitawasikilizisha washarika muziki usiopatikana Arusha nzima. Arnold akauliza nitauelewaje. Nikajibu kwamba Kinorwe nakijua. Sijui jibu lilitoka wapi. Anande amesema nikimwaibisha mbele ya usharika tena, anakwenda Machame kwa mama yake.

Jumatano, 16 Julai
Wamekuja kumi na mmoja. Nikatafsiri: jamaa anamshukuru Mungu kwa mavuno. Arnold akauliza mbona analia. Nikasema mavuno yalikuwa mengi mno. Wakacheka. Anande akalitazama begi lake.

Ndipo Mzee Lerionka, mfugaji wa magharibi ya mlima aliyepitia kwetu kunywa chai, akainua mkono.

"Huyu hashukuru," akasema. "Amepotea kwenye ukungu. Anaita, na anayemjibu ni msitu tu."

Akatueleza alivyotafuta ng'ombe wake siku mbili huko juu, sauti yake ikimrudia vilevile. Kaseti ikaisha yenyewe, tukaendelea kukaa. Chai ikapoa. Nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nashindana na mtu.

Alhamisi, 17 Julai
Arnold amezileta spika zake kwa mkokoteni. Ameomba tusikilize wote. Humo ndani ya kaseti kuna upepo ambao redio yangu ilinificha. Arnold akavua kofia.

Akapita dada Mnorwe anayefundisha Biblia. Anande akamkaribisha, makusudi. Dada akanisemesha Kinorwe. Nikajibu amina. Akacheka mpaka akatafuta kiti. Halafu akasema, kwa Kiswahili safi, kwamba hata kwao maneno ya muziki huu hawayashiki. Wao husikiliza theluji. Arnold hakunisimanga. Nimemwapia Anande kwamba sitadanganya tena.

Ijumaa, 18 Julai
Dada ametuletea kaseti nyingine, ya Ufini. Wimbo wa kwanza ulipokwisha tulikuwa bado tunatafuta pumzi. Arnold akauliza, kwa heshima kabisa, kama na Kifini nakijua.

Kidogo, nikamwambia. Zaidi cha kusoma.