Mitumbwi Miwili ya Rangi Moja

Jumatatu, tarehe 24 mwezi wa sita, 1963

Komite ya sikukuu imetangaza! Jumapili, siku ya uhuru, mashindano ya mitumbwi kutoka Makobola mpaka kwetu Mulongwe. Zawadi ni mashini ya kushona, mpya, ya kukanyaga kwa miguu. Nikamuwaza Léocadie palepale. Anashona nguo sokoni kwa mkono, mpaka vidole vinavimba. Minye, mimi huyu, nampenda. Mji wote unajua, yeye peke yake anajifanya hajui. Nikapaza sauti mbele ya wanawake wote wa soko: mashini hiyo ni yako! Vigelegele. Léocadie akajibu kwamba mdomo haupigi kasia. Sawa. Lakini nimeisha kusema. Nisiposhinda, nitapita wapi?

Jumanne, 25

Shida ni Asani, mvuvi wa kule karibu na msikiti. Kifua kama mlango. Anashinda kila mwaka, na anashinda kwa kupiga kasia tu, bila ujanja wowote. Muntu gani huyu! Minye mgongo wangu ni wa kukaa nyuma ya meza na kuuza chumvi. Nimewaza mpaka chai ikapoa. Halafu akili ikaja yenyewe. Mitumbwi miwili! Yote ya kijani, yote imeandikwa UHURU ubavuni. Binamu zangu waanze Makobola na mmoja. Minye na shemeki Jean-Berchmans, mume wa dada yangu, tujifiche na mwingine kwenye matete, karibu na mwisho, tumepumzika, tumeshiba. Asani akikaribia, nawapigia binamu mluzi waingie matete, na sisi tunachomoka. Kofia za majani kwa wote, sura zisionekane. Mungu alinipa kichwa!

Alhamisi, 27

Rangi imekauka. Shemeki anasumbua. Ni mvuvi tangu tumbo la mama yake, anasema hawezi kuingia ziwani bila lusenga, ule wavu wake wa kuchotea ndagala, dagaa wa ziwa letu. Eti ni mkosi. Nikamwambia abebe, basi. Wavu utaharibu nini?

Jumamosi, 29

Nilienda kuungama. Padri akauliza kama nina dhambi. Nikamjibu: bado.

Jumapili, 30

Ayiii! Niandike haraka kabla sijafa kwa aibu.

Tulikaa matete tangu asubuhi. Mbu. Kofia inawasha. Ngoma tunazisikia ufukweni. Mara maji yakaanza kuchemka mbele yetu. Ndagala! Mchana kweupe, wengi ajabu! Nikamwambia shemeki asithubutu. Wapi! Lusenga ilikuwa imeisha kuzama. Akasema samaki wakimfuata muntu mpaka mlangoni, kuwakataa ni kuwatukana babu zake. Akachota. Akachota tena. Na minye? Nilishika mpini nikamsaidia.

Kuinua kichwa, Asani amepita. Na ubavuni pake ni binamu zangu! Mluzi nilisahau kabisa, nao masikini wakaendelea na kasia. Walikuwa wanamkamata Asani! Bila ujanja! Nikapiga mluzi, nikapunga kofia, hakuna aliyegeuka. Tukatoka nyuma yao, samaki mpaka juu, maji yanaingia.

Sasa, kwetu mtumbwi ukirudi na samaki, kila anayeweka mkono kuuvuta nchi kavu anapata fungu lake. Hata mtoto mchanga anajua. Ufuko wote ukaona namna tulivyojaa. Wakatukimbilia! Akina mama, wapiga ngoma, komite nzima, na mwamuzi mwenyewe, papa Evariste, baba mdogo wa Léocadie, bendera ya mwisho mkononi. Wote ndani ya maji mpaka kiunoni, wanavuta. Asani na binamu wakafika mwisho, na hakuna jicho moja lililowaona.

Papa Evariste akajaza ndagala kofia yake. Akasoma UHURU kwenye mtumbwi wetu. Akageuka, akasoma UHURU kwenye ule mwingine. Akaniuliza, taratibu, nchi hii imepata uhuru mara ngapi. Nikavuta kofia yangu mpaka puani.

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa saba

Komite imekaa. Nani alishinda? Asani mwenyewe aliapa kwamba hajui, walikuwa sawa kwa sawa. Ningemchukia, lakini hanipi nafasi. Ndiye aliyetoa shauri mashini iwe ya wote, ikae kwa Léocadie, awashonee watoto wa Mulongwe. Wakakubali. Mimi nimekatazwa kasia.

Jioni Léocadie akaja. Alicheka mpaka akaegemea mlango. Akasema hakuniomba mashini hata siku moja. Alingoja tu nije kwa baba yake mdogo kwa miguu yangu, nimuombe kama watu. Nililia kidogo. Furaha iko na machozi yake.

Jumatano, 3

Nimeenda! Papa Evariste atanipokea Jumapili. Amesema tutacheza kisoro, ule mchezo wa bao na kete, kwa sababu asiyejua kushindwa vizuri hawezi kuoa kwake. Nimetubu kabisa. Udanganyifu umekwisha, naapa.

Lakini kete chache za akiba zinamuumiza nani? Léocadie ananishonea shati, la kwanza la mashini mpya. Nikamuomba mikono mirefu, mipana. Akaniangalia sana, halafu akapima.

Jumamosi, 6

Shati limekuja. Zuri, limenikaa! Mikono inaishia juu ya kiwiko. Anasema anataka baba yake mdogo aone mikono yangu vizuri. Mama wee, mwanamke huyu ananijua! Nimecheka peke yangu. Kesho naomba mke, na nitampata.

Kofia ya majani bado iko. Nimeijaribu. Kete zinaenea vizuri ndani, nisiinamishe kichwa tu wakati wa kusalimia.