Bata Mgeni wa Bwawani

Jumanne, 6 Mei

Mwenyekiti wa chama chetu cha kutazama ndege anang'atuka. Jumamosi tutamchagua mrithi wake hukohuko bwawani. Kila mtu anamtaja shemeji yangu, daktari wa meno. Huyo! Wiki nzima anachungulia midomo ya watu, Jumamosi anachungulia midomo ya bata. Eti huyu ana doa la kijani bawani, yule mdomo wake bapa kama mwiko. Bata ni bata. Mke wangu anamsikiliza kaka yake kama taarifa ya habari.

Dawa yake ninayo. Atakayegundua ndege asiyewahi kuonekana hapa, nani atamnyima kiti? Nitamgundua. Kwanza nimtafute.

Jumatano, 7 Mei

Nimenunua bata bukini jike kwa mfugaji. Yuko bafuni. Mke nimemwambia bomba limeharibika. Akauliza bomba gani linalolia kwaa. Nikasema ni hewa. Ameenda kuoga kwa jirani, amenuna.

Alhamisi, 8 Mei

Nimempaka rangi ya viatu shingoni, mkufu mweusi safi. Sasa ni bukini wa mkufu, mgeni kutoka mbali. Mjinga kweli: nikitoka analia, nikirudi na mkate ananyamaza.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemwachia majanini, kando ya bwawa. Ilibidi nitimue mbio. Alikuwa ananifuata.

Jumamosi, 10 Mei

Nilimwonyesha mwenyekiti. Akashusha darubini, akasema hajawahi kuona kitu kama kile. Mke wangu akanishika mkono mbele za watu. Mara ya mwisho tulikuwa tunavuka barabara.

Shemeji akatazama weee. Kisha, kwa ule upole wake wa kuudhi, akasema bukini wa mwituni ana tumbo lililobana. Huyu anaburuta tumbo chini, kitako kizito. Amefugwa, na amelishwa vizuri. Nikamwambia kwa sauti arudi kwenye meno yake.

Kosa. Bata alisikia sauti yangu. Akatoka majanini mabawa wazi, akampita mwenyekiti, akampita shemeji, akasimama miguuni pangu. Nilipoinama kumfukuza, akanilazia shingo kifuani. Mkufu wote ukahamia kwenye shati langu jeupe.

Kisha mke wangu akauliza taratibu, "Ndilo lile bomba?"

Shemeji amechaguliwa bila kupingwa. Bata tumerudi naye nyumbani, hakuna aliyeweza kumzuia. Mke wangu amepanda gari la kaka yake.

Jumapili, 11 Mei

Nimekaa nikapima mambo kwa utulivu. Mpango ulikuwa safi. Aliyeharibu ni bata, kwa kunipenda. Ndege wa kazi hii hatakiwi kuwa na mapenzi.

Nimerudi kwa mfugaji. Ana bata mzinga mmoja mkorofi, hampendi mtu yeyote duniani. Nimemuuliza kama anaelea. Mfugaji amesema hajawahi kumjaribu.

Sura yake tu inaonyesha anaelea. Nimemchukua.