Steringi Watatu na Adui Mmoja

Kinanda aliingia kwenye ukumbi wa video si kwa mapenzi ya sinema, bali kwa mapenzi ya ngozi yake mwenyewe. Huko nje kinyozi mmoja, aliyeuziwa na Kinanda mashine ya kunyolea iliyojaa mchanga, alikuwa akimsaka mtaa kwa mtaa. Basi Kinanda, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake ulipiga wimbo wowote msikilizaji aliotaka, akajibanza benchi la nyuma, akainua kola.

Kwenye runinga watu walikuwa wakipigana karate, kama ile ni karate. Steringi alirusha teke, likapita mbali na adui kiasi cha kupitisha baiskeli katikati, na adui, kwa adabu zake, akaruka mwenyewe mpaka darini. Mlio wa kipigo ukafuata baadaye kama mgeni aliyechelewa. Maiti mmoja akajikuna pua. Mkuu wa ukoo wa mapanga akapigwa na upepo, ndevu zikahamia sikioni, naye akaendelea kuapa kisasi.

Ukumbi mzima ulikuwa hoi. Watu walishika mbavu, wakafuta machozi, wakaomba filamu irudishwe nyuma pale pa ndevu.

"Hata mimi naweza!" akanguruma muuza nyama, jitu la miraba minne.

"Na kitambi hicho?" akadakia msusi wa saluni ya jirani. "Mimi ndiye ningefaa. Nina shingo ya sinema."

Kinanda akashusha kola. Wahenga walisema Mungu hamtupi mja wake. Hawakusema ni lazima mja huyo awe mwema.

Kesho yake alirudi mtaani akiwa mwongozaji wa filamu: miwani myeusi na skafu shingoni ili kinyozi asimtambue, jasho tele. Alikuwa akitafuta vipaji halisi, akasema, na kila kipaji kingechangia mavazi: nusu sasa, nusu siku ya kupiga picha.

"Mimi nakufa wapi?" akauliza muuza nyama.

"Inategemea mchango, kaka. Anayetoa kidogo anakufa mwanzoni. Anayetoa vizuri anafika katikati, anakufa na maneno mawili matatu ya maana. Steringi hafi. Lakini steringi, unajua mwenyewe..." Akasugua vidole.

"Mimi sifi," akasema muuza nyama, akafungua droo.

Msusi naye akakataa kufa. Mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyejua fika kwamba steringi ni mmoja, akalipa asife vilevile.

Kamera Kinanda aliiazima kwa mama mwenye ukumbi, ambaye zamani alikuwa akipiga video za harusi.

"Mama yangu, usihangaike kubonyeza chochote," akamnong'oneza. "Shika tu, funga jicho moja. Fungu lako ninalo."

"Haya, mwanangu," akajibu mama, kwa upole ambao ungepaswa kumtisha.

Siku ya picha walikusanyika kwenye ua wa kinu cha unga, na hapo shida ikajitokeza: steringi watatu, adui hakuna. Nani alipe ili apigwe? Na bila vita, ile nusu ya pili haitoki. Kinanda akajifunga pazia la saluni mabegani, akajiita Mfalme Nge.

Walikubaliana teke lipite kando. Mwalimu wa hesabu akakosea vipimo. Kinanda akazama kwenye magunia ya unga, akatoka mweupe kama mzimu, akiapa kisasi huku anakohoa. Muuza nyama akapaa, suruali ikapasuka kwa mlio mkubwa kuliko kipigo chenyewe. Msusi akamkaba Nge huku shingo ameielekeza kwenye kamera. Mbuzi akapita katikati ya vita bila kuulizwa na mtu.

"Sasa Nge anatoroka na hazina!" akapaza sauti Kinanda. "Na hazina lazima iwe ya kweli, hisia hazidanganyiki. Leteni michango!"

Wakajaza mkoba. Nge akatoroka kweli. Aliruka ukuta, msumari ukanasa pazia na suruali vyote pamoja, akatokomea na chupi ya maua, mkoba kifuani. Steringi watatu wakampigia makofi, kisha wakamsubiri arudi. Walisubiri sana.

Pesa za bure hazina mizizi. Zilipokauka, Kinanda alikuwa upande wa pili wa mji, ndani ya suti, akiuza viwanja vilivyolala chini ya bwawa. Mteja wake wa kwanza, mama mwenye duka la rangi, alimsikiliza kwa makini, akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko.

"Mfalme Nge! Jamani njooni, Nge yuko dukani kwangu!"

Mtaa ukafurika. Bibi mmoja akamsihi aanguke kidogo tu, wajukuu waone. Nani anunue kiwanja kwa mtu aliyemwona na chupi ya maua? Mtaa wa pili, mambo yaleyale. Mtaji wa tapeli ni uso usiojulikana, na mtaji wa Kinanda ulikuwa umekwisha.

Akarudi ukumbini anafoka. Foleni ilikata kona. Ukutani kulikuwa na bango la uso wake uliojaa unga, na aliyekuwa akiuza tiketi mlangoni ni muuza nyama.

"Mama! Si nilikwambia usibonyeze?"

"Vidole vya uzee, mwanangu. Vinabonyeza vyenyewe."

"Basi nataka fungu langu!"

"Si uliruka nalo ukuta? Hata kwenye filamu limo. Ingia uone."

"Nitakwenda polisi!"

"Nenda. Wa kituoni wameiona mara tatu, watafurahi kukutana na wewe."

Kinanda akaingia kwa nia ya kung'oa nyaya. Wakati huohuo Nge akazama kwenye unga, na ukumbi ukalipuka. Mzee mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Kinanda akajitazama anavyoapa kisasi huku anakohoa. Akajikaza. Akashindwa. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Maisha yake yote watu walimwamini kwanza, wakamlaani baadaye. Hawa walijua tangu mwanzo kuwa ni mwongo, na bado walimpenda.

Alipotoka, mama alikuwa anamngoja. Sehemu ya pili ilihitaji adui. Ujira ulikuwa mdogo, ila chakula kilikuwepo. Kinanda akalitazama bango la uso wake. Akaitikia kwa kichwa.

Ndivyo alivyoanza kazi ya halali, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Siku ya picha, muuza nyama akarudi nyuma mpaka getini, akaja mbio, akampa Nge teke ambalo halikupita kando hata kidogo.

"Limeingia kwenye picha?" akauliza, akihema.

Mama akaitazama kamera. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

"Halikuingia, baba," akasema. "Rudia."