Mgeni Aliyekuja kwa Simu

Jamani, leo uso wangu sijui niuweke wapi. Naandika nikiwa chumbani, mlango nimeufunga, na kule sebuleni bado wanacheka.

Nianze mwanzo. Mnamjua Saida wangu, yule kitinda mimba. Anakaribia miaka minne na maneno yake bado ni ya kuhesabu: mama, maji, toka. ("Toka" alijifunza kwangu, nikifukuza kuku wa jirani.) Akitaka kitu anakiangalia tu, na hapa nyumbani watu wazima watatu tunakimbia kumletea. Mama mkwe wangu, Bibi Mariamu, anasema mtoto ataongea siku yake ikifika. Mume wangu anasema ukoo wao wote walichelewa kuongea. (Yeye mwenyewe mpaka leo ukimuuliza kitu anajibu "mm".) Mi nina hofu. Mwakani ni shule, na mtoto asiyeweza kusema anaumwa wapi nitamwachia nani?

Rafiki yangu wa mtaa wa Gasenyi, Mama Kevine, ndiye aliyenielekeza kwa Madamu Klodeta, mtaalamu wa kusaidia watoto waliochelewa kuongea. Shida, Madamu anakaa Gitega. Akaniambia tusihangaike na barabara kwanza, tujaribu kwa simu ya video, ile ya kuonana. Lakini hakunificha kitu. "Kuna watoto wanaweza kufundishwa kwa simu, na wengine apana, lazima nikae nao," alisema. "Tena si mutoto peke yake. Nataka nione na nyumba yenyewe kama itaweza. Musijiandae. Mukae kama siku zote."

Ikishindikana, ni mimi na mtoto kupanda Gitega kila wiki, na meza yangu ya vitenge pale soko la Jabe ndiyo basi tena. Leo saa nne asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya kujaribu.

Musijiandae. Sasa niambieni nyinyi: mgeni anakuja kwako, hata kama anakuja ndani ya simu, usijiandae?

Nimepiga deki. Nimetandika kile kitambaa cha meza alichokifuma Bibi Mariamu kwa mikono yake, kinachoshuka hadi sakafuni, cha sikukuu tu. Saida nimemvalisha gauni la Idi. Simu nikaiegemeza kwenye kopo la sukari. Mume wangu, fundi magari, akasema atachelewa kidogo kwenda gereji, akakaa barazani eti anangoja mtu. (Hakukuwa na mtu. Alitaka kusikia.)

Madamu akatokea. Mama wa makamo, miwani, sauti ya taratibu. Bibi Mariamu akavuta kiti akaanza salamu. Mzima? Bwana mzima? Watoto? Na huko Gitega baridi vipi? Akaulizia hadi maharage kama yamekubali mwaka huu. Halafu akaingia jikoni, akarudi na kikombe cha chai ya tangawizi na sambusa mbili kwenye sahani, akaviweka mbele ya simu.

"Bibi, yeye iko Gitega," nikamnong'oneza.

"Na mi niko hapa, na hapa kwangu mugeni hakai bila kitu mbele yake. Karibu, mwanangu, usione haya."

Madamu akashukuru kwa heshima zote. Sambusa zikabaki pale, zinamtazama.

Tukaanza.

"Saida, unaitwa nani?"

"Anaitwa Saida," nikasema.

"Unapenda kula nini, Saida?"

"Wali na samaki wa ndagala. Na ndizi, ila zisiwe zimeiva sana."

"Mama Saida, naomba umuache ajibu yeye."

"Ndiyo, Madamu. Saida, jibu. Sema wali."

Kabla hamjanihukumu, nisikilizeni. Mi nauza vitenge. Pale Jabe, mteja akigusa kitenge na wewe ukanyamaza, kashahamia meza ya pili. Kimya kwangu ni hasara. Na Madamu yule akiuliza swali ananyamaza, anatabasamu na kungoja. Ulimi ulikuwa unaniwasha. Halafu kuna hili: sisi wenyewe ndio tuliomfundisha Saida kwamba mbele ya wageni mtoto hasemi, anakaa vizuri. Leo tumemvalisha gauni la Idi, tumemwekea mgeni sambusa, kisha tunashangaa amekaa kimya kama picha ya ukutani.

Madamu akasema, "Mama Saida, nikuombe kitu. Toka nje kidogo, Bibi abaki naye. Nataka nimuone mutoto bila musaada."

Nikasema sawa. Nikatembea kwa vishindo hadi mlangoni. Nikaufungua, nikaubamiza. Halafu nikavua ndala, nikarudi kwa magoti na kuingia chini ya meza. (Mtu mzima. Mama wa watoto watatu.)

Mkiniuliza nilikuwa nafikiria nini, nilikuwa nafikiria Gitega.

Nikasikia Madamu anauliza, "Saida, hii ni nini?" Kimya. Kimya kingine juu yake. Nikamgusa mtoto gotini, nikanong'ona, "Ndizi. Sema ndizi." (Hiyo picha hata sikuwa naiona. Nilikuwa nabahatisha. Ilikuwa ya mpira.)

"Nasikia sauti," akasema Madamu. "Bibi, kuna mutu mwingine hapo?"

Bibi Mariamu akakohoa. "Mi usiniulize, mwanangu. Nina udhu."

Nikamfinya mguu. Akanipiga teke.

Madamu hakubishana naye. Akatoa picha nyingine, ambayo nimekuja kuiona baadaye: paka amelala chini ya kiti. "Saida, nani iko chini?"

Nikauma midomo yangu. Safari hii nilitulia kweli, kwa sababu lile teke lilikuwa bado linauma.

"Mama," Saida akasema.

"Apana, tazama vizuri. Hapa kwenye picha. Nani iko chini?"

Hamjui hasira za mtoto huyu akiambiwa amekosea. Akapiga meza kwa kiganja. "Mama! Mama iko chini!" Na akainua kitambaa ili mgeni aone mwenyewe.

Maneno matatu. Mtoto ambaye hajawahi kuunganisha hata mawili, amemsahihisha mtaalamu kwa matatu. Nilifurahi mpaka nikasahau niko wapi. Nikasimama.

Kichwa kikagonga mbao. Meza ikaruka, chai ikamwagika (bahati ilishapoa), kopo la sukari likapinduka, na simu ikateleza pamoja na kitambaa hadi sakafuni, ikatua mbele ya pua yangu. Tukabaki mimi na Madamu Klodeta, uso kwa uso. Mi nimepiga magoti, kilemba kimeziba jicho moja, sukari kwenye nyusi, na sambusa moja imenikalia begani.

Akarekebisha miwani. "Mama Saida," akasema, "karibu."

Na mi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Nilikuwa natafuta hereni."

Mume wangu akaingia mbio kutoka barazani. Alichokikuta ni ile sehemu ya mke wake iliyobaki nje ya meza.

"Nani ameongea?" akauliza.

"Mutoto wako," akasema Bibi Mariamu.

"Amesema nini?"

Saida akaninyooshea kidole. "Mama iko chini."

Yule mwanaume wa "mm" akakaa palepale sakafuni, juu ya sukari, akiwa na suruali yake ya kazi, akampakata mtoto. Akafuta macho kwa kiganja na kudai ni jasho. Mi nikalia waziwazi, sikuwa na la kuficha tena. Madamu akavua miwani ili acheke vizuri.

Alipotulia akatupa jibu lake. Mtoto amemuona. Simu haimtishi, picha anazitazama, na akipingwa anatetea hoja yake. Huyo tutaanza naye hivihivi kwa simu, na tukiona hatusogei, atatuambia mapema, ndipo tufikirie Gitega. Bibi anafaa sana, aendelee kukaa naye. Baba aingie ndani, asijifiche barazani.

"Mwenye kazi kubwa ni wewe," akaniambia. "Mutoto akitaka kitu, funga mudomo, ungoje ajaribu mwenyewe. Akianza kusema, usimukatize, hata akisema nini. Na siku ingine ukae kwenye kiti, mikono yote miwili juu ya meza, niione."

(Mikono nionyeshe. Nyumbani kwangu.)

Bibi Mariamu akamwambia asiondoke bila kula, akaokota sambusa iliyokuwa salama na kuisogeza karibu na simu. Madamu akaaga nayo ikiwa hapo hapo.

Nikaanza kazi yangu mara moja. Saida akaangalia lile kopo la biskuti juu ya kabati. Bibi Mariamu akanyanyuka, nikamshika kanga akakaa. Tukangoja. Mtoto akaniangalia mi, akaangalia kopo, akaniangalia tena. Jasho lilinitoka jamani. Kisha akavuta kiti, akapanda, akalichukua mwenyewe. Hilo Madamu hakutuambia tulifanyeje.

Lakini si hayo yaliyonifungia chumbani. Tangu mchana, kila anayeingia hapa kwetu Saida anamshika mkono, anampeleka mpaka kwenye meza, anainua kitambaa tulichokirudisha na kusema kwa sauti safi kabisa, "Mama iko chini." Amemwambia muuza maziwa. Amemwambia jirani aliyekuja kuazima kisu. Mwenye nyumba amekuja kutazama bomba, naye ameonyeshwa. Wote wanageuka kuniangalia mi, wanangoja nieleze.

Kwa hiyo msinicheke. Nimelia miaka mtoto huyu aseme. Ameanza kusema, na mi nimekatazwa kumkatiza.