Bunduki ya Bata Juu ya Dungu la Bi Hajira

Jumamosi, 10 Mei 2025

Mama mkwe kaondoka. Alhamdulillahi! Kapanda bodaboda asubuhi kwenda Ruaruke kumwangalia shemeji yangu aliyejifungua. Ametuachia shamba lake la bondeni hapa Chumbi, mpunga umeshaanza kuinamisha vichwa.

Kabla ya kuondoka alizungumza na Shamsia, mke wangu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Bi Hajira hasemi nami uso kwa uso, mkwe ni mkwe. Ila sauti aliipandisha makusudi inifikie. Kwamba mpunga ukifika nyumbani salama, shamba lile anatupa moja kwa moja. Ukiliwa na ndege, mwakani anampa Ashrafu alilime.

Ashrafu! Jirani yetu wa shamba, Mmatumbi, mtani wangu tangu utotoni. Mtu anayeamia ndege kwenye mpunga wake kwa kupiga miayo!

Nimekula kiapo. Nitaamia mwenyewe, juu ya dungu, ule ulingo wa miti katikati ya shamba, alfajiri mpaka magharibi. Ndege hata mmoja hatatua.

Baadaye. Nimeamia mpaka saa tatu. Nimepiga debe, nimerusha matonge ya udongo kwa teo, nimepiga kelele mpaka koo linawaka moto. Kwelea wanaruka kona hii, wanatua kona ile, wananitazama. Hii si kazi ya mtu mwenye akili. Mwenye akili hutafuta mtambo.

Jumapili, 11 Mei

Nimekwenda Kibiti. Shamsia nimemwambia nafuata dawa ya koo.

Nikapita kwa Ismaily, fundi redio. Juu ya kabati lake, katikati ya pasi mbovu na feni zisizo na mapanga, nikaiona. Gemu! Sanduku lililokuwa jeupe, sasa lina rangi ya chai. Kaseti ya njano. Na bunduki. Ile ile, bunduki ya bata!

Nilikuwa darasa la tatu, nikikaa kwa shangazi yangu Kibiti. Mwenye gemu alikuwa Mzee Abdulswamadu wa dukani peke yake. Tulijazana dirishani kwake mpaka fremu ikalia. Mwanawe akaelekeza bunduki kwenye TV, akafyatua, bata akaanguka. Bunduki haina risasi! Kioo kizima! Na bata kafa! Dirisha zima hakuna aliyepumua. Sijawahi kushangaa tena vile, hata siku daraja la Rufiji lilipofunguliwa.

Ashrafu alikuwa pembeni yangu. Akaninong'oneza kwamba bata wale huangukia nyuma ya TV, na anayewahi ndiye anayekula. Nikakimbia kuchukua kikapu cha shangazi, nikaingia ndani kwa watu, nikachutama nyuma ya TV, nikangoja. Nilingoja sana.

Tangu siku hiyo Ashrafu haniiti Mwinjuma. Ananiita Kikapu. Aliniita Kikapu mbele ya shehe siku naoa. Na mtani huruhusiwi kumkasirikia, ndiyo mila yenyewe. Unacheka huku roho inaungua.

Basi mpango huu hapa. Gemu inapanda dunguni, na sola na betri. Watoto wa kijiji kizima watakuja. Watoto wakiona gemu hupiga kelele. Kelele hufukuza ndege. Mimi nimelala.

Nimebadilishana na Ismaily kwa redio yangu. Shamsia nimemwambia ni mtambo wa kilimo. Kaitazama bunduki, akauliza dawa ya koo iko wapi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepandisha dunguni TV yetu ya sebuleni, ile bapa. Nimefunga waya mwenyewe. Kaseti ilikataa. Nikaitoa, nikaipuliza kama tulivyokuwa tukiona kwa mtoto wa Mzee Abdulswamadu. Ikakubali! Mkono haujasahau.

Watoto walikuja, wengi. Nikawaambia wakae, sasa wataona maajabu. Bata wakatokea. Watoto wakatazama, wakatazamana. Mmoja akauliza kwa adabu kama picha hii imeharibika, mbona ina vipande vipande. Nikamwambia subiri. Nikafyatua. Bata hakuanguka. Nikafyatua tena, nikasogea, nikaweka mdomo wa bunduki kwenye kioo kabisa. Bata anaruka zake tu.

Watoto wakashuka mmoja mmoja. Wamekwenda kukaa kivulini kucheza mpira kwenye simu ya kaka wa mmojawao. Kimya kimya. Hakuna hata mmoja aliyepiga kelele! Watoto wa siku hizi hawana shukrani.

Ndege wamekula kona ya dunguni. Kona ndogo. Kutoka dungu lake Ashrafu kaniita Kikapu, akauliza leo nimepata bata wangapi na kama mchuzi utatosha.

Jumanne, 13 Mei

Nimempigia Ismaily nikafoka. Kanijibu kwa upole kwamba bunduki haina kosa, kosa ni TV. Bunduki zile huelewana na TV ya chogo tu, ile nene yenye kisogo nyuma. Na zamani TV zote zilikuwa na chogo.

TV ya chogo Chumbi hii? Nimewaza mpaka mchana. Ipo moja. Iko sebuleni kwa Bi Hajira, ukuta mmoja na sisi, juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Haiwaki siku hizi, hukaa kama pambo. Hata vumbi hulifuta yeye mwenyewe.

Nimejiuliza kama ni wizi. Nimejijibu kwamba si wizi. Nailinda mali yake kwa mali yake. Isitoshe nitairudisha kabla hajarudi, na kitambaa nimekiacha palepale juu ya meza. Nimekiweka juu ya ndoo, kionekane kimefunika kitu.

Kuipandisha dunguni ni habari nyingine. Nzito! Nimeifunga mgongoni kwa kanga, kama mtoto. Ngazi ya dungu ina vijiti sita, nimevunja viwili. Watu wawili wamepita, wamenisalimu, hawakuuliza. Nimegeuza waya fulani, nikapiga kofi ubavuni, ikawaka. Ilikuwa inangoja kofi tu miaka yote hii.

Shamsia hakuwa karibu. Nimemkuta nyumbani jioni ana matope mpaka kwenye viwiko na sauti imemkauka kabisa. Nimemwambia anazungumza mno na majirani. Nimemshauri tangawizi.

Jumatano, 14 Mei

Bata ameanguka!

Saa moja asubuhi. Nikaipuliza kaseti, nikaelekeza, nikafyatua, akaanguka. Kweli tupu! Machozi yamenitoka, nasema ukweli. Nilisimama pale dirishani utoto wangu wote na sikuishika bunduki ile hata mara moja. Leo nimeishika, na imeua.

Na ndege wa kweli je? Wamekimbia! Nikainua kichwa, upande wote wa mbali ni mweupe, hakuna hata mmoja. Kule nilimwona Shamsia na Mwanawetu, mke wa Ashrafu, wanakatisha majarubani na madebe, nadhani wanatafuta mboga. Hapa karibu na dungu walikuwepo kidogo. Lakini kwa mbali bunduki imefanya kazi ya ajabu. Sayansi.

Saa nne Ashrafu kavuka kutoka shambani kwake. Kasikia muziki wa gemu. Alikuja na mdomo umejaa maneno, Kikapu hiki, Kikapu kile. Alipofika juu akaona TV. Akakaa. Akasema taratibu, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu darasa la tatu, kwamba ndiyo hii hii.

Kisha akaninyang'anya bunduki. Eti utani unamruhusu, mtani akichukua hakatazwi. Nikamwachia nione aibu yake. Akakosa. Akakosa. Akakosa. Mara ya nne bata akaanguka.

Na sasa nataka iandikwe vizuri. Nilijifanya natazama mpunga. Ashrafu bin Haruni, mtu mzima, mwenye ndevu, akainama pole pole, akachungulia nyuma ya TV.

Nimemwona! Kwa macho yangu! Nimecheka mpaka dungu likayumba. Naye alijitetea kwamba anatazama waya. Waya! Nikamuuliza kama nimletee kikapu. Kacheka mwenyewe mwishowe, mpaka akashika ubavu. Akakiri kwamba hata siku ile, nilipotolewa mle ndani kwa kuvutwa sikio, alirudi jioni peke yake kuangalia. Alikuwa ameuamini nusu uongo wake mwenyewe. Hakupenda mimi niwahi bata.

Miaka yote hii! Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Alhamisi, 15 Mei

Ashrafu kaja kabla jua halijapanda, na muhogo wa kuchoma. Tumecheza zamu kwa zamu. Ananishinda kwa bata wanaoruka chini, mimi namshinda kwa wanaoruka juu. Tumebishana, tumetukanana kwa makabila yote mawili, tumekula.

Adhuhuri kwelea mmoja alitua juu ya TV. Juu yake kabisa! Nikamwelekezea bunduki, nikafyatua. Kajisafisha bawa. Ashrafu kasema huyo kashapata chanjo. Tumemwacha atazame.

Shamsia sasa hatoi sauti hata kidogo. Ananijibu kwa ishara. Ishara moja sikuielewa vizuri, alielekeza dungu, kisha akajipiga paji la uso. Pengine kichwa kinamuuma. Tangawizi anaikataa.

Ijumaa, 16 Mei

Balaa.

Tumetoka msikitini, tukapanda moja kwa moja dunguni. Msuli wangu wa Ijumaa, ile shuka ya kiunoni, mpana, wa kujiachia. Nina bata watano bila kukosa. Ashrafu kaniita kwa kunong'ona. Nikamwambia atulie nimalize. Akanigusa bega, akanyoosha kidole chini.

Bi Hajira. Chini ya ngazi. Na mkoba wake wa Ruaruke, hajapita hata nyumbani. Au kapita, maana mkononi alikuwa na kile kitambaa.

Nikasema shikamoo mama kwa sauti ndogo. Akaipokea kwa kuitazama miti.

Sasa itazameni hali yenyewe. Yeye hawezi kupanda, juu kuna mkwewe. Mimi siwezi kushuka. Nimevaa msuli, na mtu hashuki ngazi amevaa msuli mama mkwe akiwa chini yake! Ngazi yenyewe haina vijiti viwili, lazima kunyanyua mguu. Haiwezekani. Ashrafu naye hakushuka. Alidai ni kwa heshima. Alitaka kuona.

Bi Hajira akamwita Shamsia. Akamwambia amuulize huyo mwenzie aliye juu ile TV ni ya nani. Shamsia hana sauti, kwa hiyo akaniuliza kwa mikono. Nikamjibu Shamsia amwambie mama kwamba TV ni ya mama, na imekuja kulinda mpunga. Bi Hajira, ambaye alikuwa umbali wa mkono mmoja na ananisikia kila neno, akangoja Shamsia amalize mikono yake. Kisha akamwambia Shamsia amwambie huyo kwamba kasikia.

Akaiweka kanga sawa, akalizunguka shamba lote. Taratibu taratibu, jaruba kwa jaruba. Tulikuwa tunamwona kutoka juu. Akazunguka na la Ashrafu. Nikiliangalia lile shamba, la dhahabu tupu, nikajua jinsi ninavyolitaka. Si kwa mpunga tu. Nilitaka mara moja katika maisha yangu yule mama aseme nimeweza.

Akarudi. Akasema, kwa Shamsia, kwamba mpunga umesalimika. Wote. Isipokuwa duara moja lililonyolewa kabisa kuzunguka dungu la bunduki, na duara lingine kuzunguka dungu la Ashrafu. Akamshika Shamsia mkono wenye malengelenge ya teo, akamwita Mwanawetu naye, akasema ameona nyayo za wanawake wawili tu katika mashamba mawili. Kwamba shamba la bondeni ni la Shamsia, kwa jina lake, na kipande cha kando ya kijito atalima Mwanawetu mwakani.

Kisha akasema TV irudi mezani kabla ya magharibi, ifutwe. Akageuka, akatazama mtoni kwa muda mrefu. Akitazama mtoni mimi nikashuka. Ashrafu aliniimbia Kikapu kila kijiti.

Jumamosi, 17 Mei

Tumepata shamba! Shamba liko ndani ya nyumba yetu, jina la nani si hoja. Bi Hajira hakunitukana hata neno moja. Angekuwa na la kusema angesema. Na alipowasha TV yake jana usiku akakuta inawaka, nimesikia kupitia ukutani akiongea nayo vizuri kabisa.

Shamsia kapata sauti kidogo. Ya kwanza aliyoitumia ni kuniambia nimchemshie chai. Nimechemsha, nikatia na tangawizi. Kainywa, kanitazama, kacheka mpaka akakohoa. Amesema laiti angenipata na mimi dukani akanijaribu kwanza kabla ya kunichukua. Nimefurahi. Ni muda hajanitania.

Nimelifikiria sana lile duara. Jibu liko wazi. Bunduki inafukuza ndege wa mbali, wa karibu haiwafikii. Kosa lilikuwa kuweka dungu katikati ya mpunga. Mwakani dungu tunalijenga kwenye shamba la mtu mwingine.

Ila mwakani ni mbali, na mahindi yanaanza kuingiliwa na nguruwe pori sasa hivi. Ashrafu kapita asubuhi. Kaniita Kikapu, nikamwita Waya. Amesema Ismaily anayo gemu ya mbio za magari, yenye usukani na honi. Na nguruwe gani asiyeogopa gari?

Tunaondoka kesho alfajiri. Shamsia nimemwambia nafuata dawa ya koo.